Mafuta ya shokapu za mbele: kazi yake, uzito wake, na namna ya kuyabadilisha kwenye pikipiki ya zamani

Ukitaka kusikia majibu matano yanayopingana kwa swali moja, waulize waendesha pikipiki kwa nini pikipiki ya zamani hupiga magoti kila ukishika breki ya mbele. Mmoja atakwambia sili zimekufa. Wa pili atakwambia umimine oili nzito. Wa tatu atasema oili ya injini iliyobaki kwenye kopo inatosha kabisa. Wa nne ataapa kwamba shokapu isiyovuja haiguswi. Wa tano atasema springi zimechoka, na huyo mara nyingi ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa naye hajamaliza maelezo.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja. Tumezoea kuona mafuta kwenye mashine kuwa ni kitu cha kulainisha: vyuma viwili vinasuguana, unatia mafuta, msuguano unapungua. Basi tunadhani mafuta ya shokapu nayo yamewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Kulainisha yanalainisha, lakini hiyo ni kazi yake ya pembeni. Kazi yake kubwa ni kuwa breki ya springi. Ukishalishika hilo, maswali ya uzito gani, kiasi gani na kila baada ya muda gani yanakuwa na majibu yanayoeleweka, badala ya kuwa ubishi wa nani ana uzoefu zaidi.

Majina kwanza, tuelewane. Shokamzoba za mbele, au shokapu kama wengi tunavyoziita, ni ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele. Kila mguu una mabomba mawili, moja ndani ya jingine. La juu ni jembamba, limepakwa kromu na linang'aa. Limebanwa na vibano viwili, cha juu na cha chini, karibu na usukani. La chini ni nene, aghalabu la aluminiamu, na ndilo linaloshika ekseli. Lile la juu huingia na kutoka ndani ya lile la chini kama kisu kwenye ala, kwa hiyo hapa nitaliita la juu bomba na la chini ala. Mdomoni mwa ala kuna sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke, na juu yake kifuniko cha vumbi. Ndani ya bomba kuna springi ndefu, na juu kabisa kuna kizibo kinachoikandamiza. Chini, ndani kabisa, imesimama fimbo iliyo wazi katikati kama mwanzi, yenye vitundu ubavuni, na imefungwa kwenye kitako cha ala kwa bolti moja inayoingilia kwa chini.

Mpango huu una umri. BMW ilitoa pikipiki zake za R 12 na R 17 mwaka 1935 zikiwa na shokapu za mbele za mabomba zenye mafuta ya kutuliza mdundo, na kwa miongo mingi iliyofuata pikipiki nyingi za barabarani duniani zilijengwa juu ya wazo hilo hilo. Pikipiki ndogo nyingi bado zinatumia fimbo ya vitundu hadi leo. Zipo shokapu za aina nyingine, zilizopinduliwa juu chini au zenye katriji ndani, na hizo zina utaratibu wake wa kutoa hewa ambao siugusi hapa.

Tuanze na springi peke yake. Mtoto akirukia kitanda cha springi hadundi mara moja akatulia. Anadunda tena na tena, kila mara chini kidogo, mpaka nguvu iishe. Springi haili nguvu unayoipa; inaiweka kisha inairudisha karibu yote. Sasa iweke springi hiyo kwenye pikipiki inayokwenda kasi. Gurudumu linakutana na tuta, springi inabonyea, kisha inasukuma kwa nguvu ile ile. Pikipiki inainuka, inashuka, inainuka tena. Katikati ya kudunda huko zipo nyakati ambazo tairi haliikandamizi ardhi vya kutosha, na tairi lisilokandamiza ardhi haliwezi kukata kona wala kusimamisha chombo. Kinatakiwa kitu cha kuimeza ile nguvu kabla haijarudi.

Jaza beseni maji, uzamishe kiganja polepole. Kinaingia bila shida. Sasa yapige maji yale kwa kiganja kilichonyooka, kwa kasi. Utahisi kama umepiga meza. Kimiminika kina tabia hiyo: ukikisukuma taratibu kinakupisha, ukikisukuma kwa kasi kinakukatalia. Na kinapolazimishwa kupita kwenye tundu dogo, ukinzani hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani hukaribia mara nne. Ndani ya shokapu, nguvu iliyokuwa iirudishe pikipiki juu inatumika kuyasukuma mafuta kwenye vitundu, na mwisho wake inageuka joto.

Shokapu inapobonyea, bomba linashuka ndani ya ala na kuyabana mafuta yaliyo chini. Njia yake ni vitundu vya chini vya ile fimbo. Yanapita humo na kupanda juu ndani ya bomba. Inaporudi, mafuta yaliyonaswa kati ya fimbo na bomba hulazimika kutokea kwenye vitundu vingine vya juu zaidi, na kwa kawaida njia hii huwa nyembamba kuliko ile ya kwanza. Watengenezaji hufanya hivyo kwa makusudi: wanataka gurudumu lipande upesi linapokutana na tuta, lakini lirudi kwa nidhamu. Vitundu hivyo vilitobolewa kiwandani, havina skrubu ya kuvirekebisha. Kwenye pikipiki ya zamani, ukiacha springi, kitu pekee unachoweza kukibadilisha kwa urahisi ili kuathiri mwendo wa shokapu ni mafuta yenyewe. Ndiyo maana ninasema ni kipuri kamili, kama pedi za breki zilivyo kipuri, na kama pedi nayo huchakaa.

Kuna mshiriki wa tatu ambaye watu wengi hawamkumbuki: hewa. Bomba halijazwi mafuta mpaka juu. Inaachwa nafasi, na hewa iliyomo haina pa kutokea. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta pistoni, ziba tundu kwa kidole, kisha bonyeza. Mwanzo ni laini, katikati kunakuwa kugumu, mwisho huwezi tena. Hewa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, shinikizo lake huwa mara mbili. Ikibanwa hadi robo, huwa mara nne. Kwa hiyo hewa iliyo juu ya mafuta ni springi ya pili, ambayo mwanzoni hutaihisi, lakini shokapu inapokaribia mwisho wa safari yake ndiyo inayoizuia isigonge chuma kwa chuma.

Hapo ndipo kiasi cha mafuta kinapokuwa na uzito ambao watu hawautarajii. Ukizidisha, umepunguza nafasi ya hewa, na shokapu inakuwa ngumu kabla haijamaliza safari yake. Ukizidisha sana, shinikizo linaweza kuzisukuma sili zitoke mahali pake. Ukipunguza, shokapu inagonga mwisho kwa urahisi, na mafuta machache yanayopigwapigwa huchanganyika na hewa yakafanya povu. Povu halina ukinzani wa kutegemewa. Milimita 10 tu za kina cha mafuta, juu au chini, zinatosha kwa mwendeshaji makini kuhisi tofauti anaposhika breki kwa nguvu. Ndiyo sababu mtu anayemimina kwa kukadiria kwa macho, leo mguu huu, kesho ule, anaharibu kazi nzuri ya springi nzuri.

Sasa yule anayesema shokapu isiyovuja haiguswi. Mafuta haya yamefungwa ndani, hayaungui kama ya injini, kwa hiyo inaonekana yangedumu milele. Lakini angalia yanachopitia. Bushi, yaani pete zilizo kati ya bomba na ala, husuguana na bomba kila siku na kuacha unga laini wa chuma na aluminiamu. Springi nayo husugua kuta za bomba. Unyevu huingia kidogo kidogo na kugandia ndani chombo kinapopoa. Joto na kupita kwenye vitundu mara zisizohesabika huvunja viambato vinavyoyafanya mafuta yabaki na mnato wake. Hakuna mrija wa kuyapitisha kwenye chujio, kwa sababu chujio halipo. Uchafu wote unabaki humo humo ukizunguka na kuendelea kukwangua.

Mara ya kwanza nilipofungua shokapu za pikipiki yangu ya zamani, zilikuwa kavu kabisa kwa nje, bila hata tone kwenye kromu. Nilitegemea mafuta mekundu au ya manjano. Yalitoka maji ya kijivu kama ya kuoshea masufuria, yakimetameta kwa vumbi la chuma, na yakinuka samaki aliyeoza. Harufu ile wanaijua wote waliowahi kufungua shokapu zilizosahauliwa. Na baada ya kumwaga, chini kulibaki tope zito ambalo halikutoka mpaka nilipolisuuza mara tatu. Kijitabu cha pikipiki yako kitakuwa na muda wake. Vingi hutaja umbali ulio kati ya kilomita 10,000 na 20,000, au miaka miwili, lipi litangulie. Ukinunua pikipiki iliyotumika na hujui historia yake, yahesabu mafuta hayo kuwa hayajawahi kubadilishwa.

Tufike kwenye uzito, maana hapa ndipo ubishi unapochacha. Kwenye kopo utaona 5W, 10W, 15W au 20W, na watu husema "oili ya kumi", "oili ya ishirini". Tunaita uzito, lakini hakuna kinachopimwa kwenye mizani. Kinachozungumzwa ni mnato, yaani ukaidi wa kimiminika kutiririka. Maji na asali vikimiminwa kwenye tundu moja, asali itachelewa. Asali ina mnato mkubwa. Mafuta yenye mnato mkubwa hupita kwenye vitundu vya fimbo kwa shida zaidi, basi breki ya springi inakuwa kali zaidi.

Herufi W nayo ina hadithi yake. Kwenye oili ya injini ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na namba inayoitangulia inafuata vipimo vya chama cha wahandisi cha SAE. Kwenye mafuta ya shokapu hakuna anayelazimishwa kufuata vipimo hivyo. Kila mtengenezaji ana 10W yake. Kipimo cha kweli kimeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya kopo au kwenye karatasi ya maelezo: mnato katika sentistoki kwenye nyuzijoto 40 za Selsiasi, kwa kifupi cSt. Ukilinganisha makopo mawili yote ya 10W kutoka kampuni tofauti, moja linaweza kuwa na sentistoki thelathini na kitu, jingine arobaini na kitu. Yaani 10W ya huyu inaweza kuwa 15W ya yule. Mtu amebadilisha kampuni tu, namba ya mbele ni ile ile, na shokapu imebadilika tabia. Anaanza kulaumu springi. Ushauri wangu ni rahisi: puuza W, soma cSt, na ukishapata mnato unaokufaa iandike namba hiyo mahali utakapoikuta mwaka ujao. Ukitaka mnato wa katikati, chukua makopo mawili ya kampuni moja na aina moja, lenye namba ndogo na lenye namba kubwa, uchanganye.

Je, oili ya injini inafaa? Swali hili linastahili jibu la haki, kwa sababu wanaosema "ndiyo" hawakulitoa jibu hilo hewani. Baadhi ya miongozo ya pikipiki za zamani ilitaja oili ya injini nyepesi, na baadhi, zikiwemo za Honda za miaka ya 1970, ilitaja mafuta ya gia za kujiendesha, yale ya ATF. Kama kijitabu chako kinasema hivyo, fuata bila wasiwasi. ATF ina mnato wa karibu sentistoki 35 kwenye nyuzi 40, yaani inakaa jirani na 10W nyingi za shokapu. Shida ni oili ya injini ya kisasa tunayokuwa nayo nyumbani. 20W-50 ina mnato wa zaidi ya sentistoki 150 kwenye nyuzi hizo hizo, mara nne au zaidi ya kile vitundu vilitobolewa kukipitisha. Tena ina sabuni za kuosha masizi, ambazo shokapu haina kazi nazo, wakati mafuta ya shokapu yana viambato vya kuzuia povu vilivyokusudiwa kwa kazi hii. Mafuta ya breki ni jambo jingine kabisa. Usiyatie kamwe. Mpira wa sili za shokapu hauvumiliani nayo. Utavimba na kuharibika.

Na ile dawa ya oili nzito kwa pikipiki inayopiga magoti? Kumbuka kiganja kwenye beseni. Mafuta hukataa kasi, hayabebi mzigo. Ukiweka kiganja juu ya maji na kukiacha, kitazama hata kama badala ya maji umeweka asali; kitachelewa tu. Uzito wa pikipiki na wako unabebwa na springi, ikisaidiwa na hewa. Ukishika breki, uzito unahamia mbele, na springi lazima ibonyee mpaka nguvu zilingane. Mafuta mazito yataifanya safari hiyo ichukue muda mrefu, si kuifupisha. Ukishika breki kwa sekunde mbili au tatu utafika pale pale.

Kibaya zaidi ni bei unayolipa kwingineko. Kwenye tuta kali, lenye kuja ghafla, mafuta mazito hayawahi kupita. Shokapu inakuwa kama gogo na mshtuko wote unapanda mikononi. Na kwenye barabara ya mawimbi mawimbi, shokapu inabonyea, inaanza kurudi polepole, na kabla haijarudi wimbi la pili limefika. Inabonyea tena ikiwa imeanzia chini, kisha tena, mpaka inatembea imejikunyata karibu na mwisho wa safari yake. Mwendeshaji anasema, "Hizi shokapu zimekuwa ngumu, lakini bado zinagonga." Anadhani ni mambo mawili yanayopingana, kumbe ni kosa moja. Kupanda hatua moja, kwa mfano kutoka sentistoki 30 kwenda 40, kunaweza kusaidia pikipiki ambayo bushi zake zimelegea kidogo au mwendeshaji wake ni mzito. Kuruka hatua tatu ni kutafuta hatari.

Basi tuingie kazini.

Pikipiki isimame wima, imara, gurudumu la mbele likiwa hewani. Stendi kubwa na jeki chini ya injini, katikati kipande cha mbao, inatosha, ila isukume kwanza huku na huku uhakikishe haitaanguka. Kuinua gurudumu si suala la nafasi ya kufanyia kazi peke yake. Springi ikiwa imenyooka, kizibo kinasukumwa kwa nguvu ndogo. Ikiwa imebonyezwa na uzito wa pikipiki, kizibo kikitoka kwenye uzi wa mwisho kinaruka kama jiwe la manati, na anayeinama juu yake ni wewe. Vaa miwani. Kama vizibo vina valvu ndogo kama ya tairi, pikipiki yako ni ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 zilizosaidiwa na hewa ya kujaza; toa hewa yote kabla hujagusa spana. Funika diski ya breki na tambara safi, kwa sababu tone la mafuta haya kwenye pedi ni breki iliyopotea.

Kabla ya kufungua kizibo, legeza bolti ya kibano cha juu. Hili wengi hulisahau: kibano kile kinalibana bomba pale pale penye uzi wa kizibo, na ukilazimisha spana kikiwa kimekaza unaharibu uzi au pembe za kizibo. Kama utatoa miguu yote nje, legeza vizibo vikiwa bado kwenye pikipiki, maana mikononi bomba litazunguka nawe. Kwenye baadhi ya pikipiki usukani unaziba njia; ufungue, uulaze kando, lakini usikipindue kichupa cha mafuta ya breki. Vizibo vingine havina uzi; vinashikwa na ringi ya waya, na lazima ukibonyeze kizibo chini kwa nguvu huku mwenzako akiinyofoa ringi. Fanya mguu mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Hivyo daima unabaki na mfano wa kutazama.

Pikipiki nyingi za zamani zina skrubu ndogo ya kumwagia ubavuni mwa ala, karibu na ekseli. Ni ndogo na ni laini. Tumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wake, na usipoteze washa yake, yaani ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa chake. Ukifungua, mafuta yatatoka kwa mrusho, si kwa mtiririko, hasa ukilipandisha na kulishusha gurudumu kwa mikono ili kuyasukuma yaliyojificha. Weka chombo kipana na kipande cha boksi la kuyaelekeza.

Hata hivyo, kwa pikipiki ambayo historia yake huijui, mimi natoa miguu yote. Gurudumu, breki, madigadi, kisha bolti za vibano, na mguu unateremka. Kalipa ya breki ining'inize kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake. Ni kazi ya nusu siku badala ya saa moja, lakini ile skrubu haiko chini kabisa, na tope nililolitaja linakaa chini yake. Mguu ukipinduliwa juu chini na kusukumwa mara nyingi unatoa kila kitu. Suuza kwa mafuta mapya mepesi kidogo. Wengine hutumia mafuta ya taa, na yanasafisha vizuri, ila uuache mguu umepinduliwa usiku kucha, maana mafuta ya taa yatakayobaki yatayapunguzia mnato mafuta mapya na namba yako ya cSt haitakuwa na maana tena. Ile bolti ya chini kabisa iache kama ilivyo, isipokuwa unabadilisha sili.

Springi inapotoka, angalia upande uliobanana mizunguko yake ulikuwa juu au chini, na washa na kipande cha bomba kilichokaa juu yake vilipangana vipi. Piga picha kwa simu.

Kujaza ndiko kunakotofautisha kazi safi na ya kubahatisha. Kijitabu mara nyingi kina namba mbili za ujazo, na watu huzichanganya. Moja ni ya kubadilisha mafuta kwa kumwaga tu. Kubwa kidogo ni ya shokapu iliyovuliwa ikakaushwa. Tofauti yao ni yale mafuta yanayoganda kwenye kuta na pembe bila kutoka. Ukimwaga kwa skrubu kisha ukajaza kwa namba ya pili, umezidisha. Ndiyo maana napendelea kupima kina badala ya ujazo, kama kijitabu kinakitaja. Mimina karibu kiasi chote, springi ikiwa nje. Pandisha na shusha ala polepole, mara kumi au zaidi, mpaka uhisi ukinzani ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho; ule ulegevu wa mwanzo ni hewa iliyonaswa chini. Uache mguu umesimama wima dakika kadhaa mapovu yapande. Kisha ibonyeze shokapu mpaka mwisho, springi bado iko nje, na upime kwa rula kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa mafuta. Namba ya kijitabu inahusu hali hiyo hasa. Ukipima shokapu ikiwa imenyooka, au springi ikiwa ndani, unapima kitu kingine.

Njia ninayoipenda ni hii: bomba la sindano kubwa, limefungwa mrija mgumu mwembamba. Mrija unautia alama kwenye urefu unaotakiwa. Unajaza mafuta yazidi kidogo, unautumbukiza mrija mpaka alama ikae sawa na ukingo wa bomba, unavuta. Mrija ukianza kunyonya hewa, kina kimefika. Miguu yote miwili inapata kina kile kile bila ubishi. Na iwe kile kile kweli, kwa sababu ekseli moja inaifunga miguu hii miwili, na hakuna faida ya kuifanya ishindane.

Kurudisha kizibo kunahitaji subira. Kikandamize kwa kiganja, kizungushe kwanza kinyume mpaka usikie uzi unadondokea mahali pake, ndipo ukizungushe kwa mkono kuelekea kukaza. Spana ije mwisho. Uzi wa aluminiamu ukipanda mshazari hautengenezeki tena kirahisi. Mabomba yote mawili yapande kwenye vibano kwa urefu ule ule, kaza kibano cha chini, kisha kizibo, kisha kibano cha juu. Ekseli na vibano vyake viache vimelegea kidogo, shusha pikipiki chini, ibonyeze mbele mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe, ndipo ukaze. Ukikaza kabla, miguu inaweza kubaki imevutana, na shokapu yenye mafuta mapya itakwamakwama kana kwamba ina kutu. Kabla ya kuondoka, pampu breki ya mbele mpaka iwe ngumu. Pedi zilizosogezwa wakati wa kazi huacha lever ikiingia tupu mara ya kwanza.

Sasa ijaribu ikiwa imesimama. Bonyeza mbele kwa nguvu kisha achia. Inapaswa kupanda, kufika kimo chake na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mafuta ni mepesi mno au bado kuna hewa chini. Ikipanda kwa uvivu kama mtu anayeamka na homa, ni mazito mno. Futa kromu iwe kavu, endesha siku nzima, uiangalie jioni. Mstari mwembamba wa unyevu ni kawaida. Pete nene ya mafuta yanayotiririka ni dalili ya sili mbovu, na hiyo mafuta mapya hayaiponyi. Wakati mwingine ni chembe ya mchanga tu imejichomeka chini ya mdomo wa sili, nayo hutoka kwa kupitisha kipande chembamba cha plastiki kuzunguka bomba. Lakini kama kromu yenyewe ina vidonda vya kutu pale sili inapopita, kila sili mpya itachanika mapema. Mafuta machafu yafunge kwenye kopo uyapeleke yanakokusanywa oili chafu. Usiyamwage ardhini, yatafuata maji.

Na kama baada ya haya yote pikipiki bado inapiga magoti, rudi kwenye benchi na rula. Toa springi, ilaze juu ya meza, upime urefu wake ikiwa huru, kisha uulinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kijitabu. Ikiwa ni fupi kuliko kikomo hicho, yule mtu wa tano alikuwa amesema kweli, na unachohitaji ni springi mpya, zote mbili kwa pamoja.